Kinyozi Aliyetaka Kuliliwa

Mtaani kwetu hakuna mwanamume mwenye ndevu ambaye hajawahi kumkabidhi Taratibu shingo yake.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Lilimwota kama ndevu zinavyoota, bila mtu kujua siku, kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Vinyozi wengine hunyoa kama watu wanaofukuzwa. Yeye alianza na taulo la moto, akalikamua mpaka likabaki na mvuke tu, akakufunika nalo uso na kukuacha humo ndani na mawazo yako. Kisha povu la sabuni, kwa brashi, mizunguko midogo midogo kama mtu anayemsugua mtoto mgongo. Kisha shavu hili, shavu lile, kidevu. Alipofika kwenye ukingo wa taya alisimama. Alikushika kidevu kwa vidole viwili, akakiinua kidogo, akachomeka vizuri kitambaa shingoni, na wembe ukiwa bado hewani akauliza:

"Nishuke?"

Nawe, kichwa umekilaza nyuma, macho umeyafumba, ukajibu, "Shuka."

Hapo ndipo wembe uliposhuka kooni. Bila jibu haukushuka. Dalali mmoja wa viwanja aliwahi kupitiwa na usingizi kabla ya kujibu. Alipoamka alikuta mashavu yanang'aa, shingo kichaka, na Taratibu amesimama palepale anamsubiri huku watu wa kwenye benchi wakinung'unika.

Desturi hiyo aliirithi kwa mjomba wake, pamoja na duka, kioo chenye ufa pembeni, na kile kiti cha chuma ambacho mgongo wake hulala ukivuta mkono wa ubavuni. Mjomba alimlea kwa maneno mawili. La kwanza: "Mashavu ni kazi, koo ni amana. Uombe." La pili: "Kiti ni cha mteja. Usikikalie hata siku moja. Ukishakikalia hutataka kusimama, na kazi yetu sisi ni ya miguu." Taratibu alisimama nyuma ya kiti kile tangu ndevu zake mwenyewe hazijaota. Alikipangusa kila asubuhi, alikitia mafuta, alijua kinapolalamika na kwa nini. Hakukikalia. Mchana wateja wakikosekana alikaa kwenye benchi, akikitazama.

Sasa mtu mpole kama huyo, ungedhani anatamani nini maishani? Kashamba kadogo? Safari? Wapi. Taratibu alitamani kuua watu. Jukwaani, lakini.

Nyuma ya soko kuna ukumbi wenye madirisha marefu, na humo ndimo Mwalimu, aliyestaafu baada ya kufundisha fasihi maisha yake yote, alikuwa na kikundi chake cha maigizo. Taratibu alikuwemo tangu zamani, lakini kazi yake ilikuwa ileile: kushika mkuki pembeni na kusema, "Bwana mkubwa, mgeni wako amefika." Mchezo ukibadilika, mgeni alibadilika, bwana mkubwa alibadilika, mkuki ulibaki uleule.

"Umekuwa bawabu wa nyumba za maboksi," mkewe alimtania. "Siku moja umkatalie huyo mgeni, tuone itakuwaje."

Wakubwa wote walikuwa wakiigizwa na mshona suti mmoja mwenye sauti ya radi. Ikatokea mshona suti akahamia mji mwingine kumfuata binti yake, na mwezi uleule Mwalimu akamaliza kuandika mchezo mpya, *Mlinzi wa Kiti*. Ni kisa cha mtu mwaminifu anayelinda kiti cha Mtawala, mpaka siku moja anajiuliza kwa nini asikikalie yeye. Anamwua Mtawala akiwa amejipumzisha. Ili siri isitoke, anamwua rafiki yake. Ili kiti kisimtoke, anamwua mdogo wake Mtawala. Mwishowe watu wanamburuta chini, naye anatoa hotuba na kukata roho.

"Nani anajua kusimama nyuma ya kiti?" Mwalimu aliwauliza wanakikundi.

Wote wakageuka kumtazama Taratibu. Fundi Bomba, ambaye ndiye angekuwa Mtawala, akamgonga begani. "Haya bwana. Leo umekula cheo. Usije ukaniua kweli tu."

Miezi ile duka lilikuwa burudani. Alinyoa huku akikariri. Alikunja uso mbele ya kioo, akatoa macho, akanguruma. Aliamini kwamba muuaji ni mtu wa kununa, basi akajifunza kununa mpaka mishipa ya paji la uso ikawa inamsimama hata akinywa chai. Na alitaka jambo moja tu, alilisema wazi kwa kila aliyekaa kwenye kile kiti: kwamba atakapokufa, mtu alie.

"Mshona suti alikuwa akifa, watu wanapenga makamasi mpaka nje," alisema. "Mimi mmoja tu ananitosha."

Siku ya kwanza ya onyesho ukumbi ulijaa. Taratibu aliingia amenuna. Alimwendea Mtawala kwa mbele na panga kubwa la mbao lililopakwa rangi ya fedha, akanguruma, akachoma. Fundi Bomba alipiga yowe la kusifika. Mauaji mengine yalifuata kwa mtindo uleule. Kisha watu wakamburuta kutoka kitini, akapiga magoti, akaanza hotuba yake: "Nilikipangusa kiti hiki kila asubuhi..."

"Mpigeni tena!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko. Alipokata roho walishangilia kama timu yao imefunga bao. Walipiga miluzi. Mtu mmoja alisimama juu ya kiti chake kumwangalia vizuri alivyokufa.

Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Mzee Reli, dereva wa treni mstaafu, mtu anayenyolewa hapo tangu enzi za mjomba. Taulo, povu, mashavu. Taratibu akamshika kidevu.

"Nishuke?"

Mzee Reli akafumbua jicho moja. Akauangalia wembe. Akamwangalia mwenye wembe.

"Leo mashavu yanatosha," akasema.

"Mzee wangu, na shingo?"

"Shingo ina baridi siku hizi. Iache."

Alitoka na kichaka chake chini ya kidevu. Aliyemfuata naye shingo yake ilikuwa na baridi. Habari ikaenea, na kabla ya wiki mbili kwisha mtaa wetu ulikuwa na wanaume wenye nyuso laini kama mabakuli na shingo kama za mbuzi. Hakuna aliyesema anamwogopa Taratibu. Walisema ni mtindo.

Yeye alicheka nao. Lakini kila "shingo iache" ilimwingia. Na cha ajabu, kilichomuuma hasa hakikuwa wembe kukataliwa. Kilikuwa kwamba wameogopa bila kuhuzunika. Amepata nusu ya alichotaka, tena ile nusu mbaya.

Suala hilo likawa ndilo gumzo la dukani. Siku moja Mwalimu mwenyewe alikuwa kitini, taulo limemfunika uso, Mzee Reli na Fundi Bomba wako kwenye benchi.

"Mwalimu," Mzee Reli akaanza, "wewe unatutaka tumhurumie mtu yule kwa lipi? Wahenga walishamaliza. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Nani alimtuma?"

"Ndiyo maana inaitwa tanzia, mzee wangu!" sauti ya Mwalimu ikatoka kwenye mvuke. "Kama angetumwa, ingekuwa ajali."

"Hata hivyo shujaa awe na ushujaa."

"Shujaa wa tanzia si lazima awe mwema. Awe na wema ndani yake, hilo ndilo. Ana mambo yake mazuri, ana kasoro moja, na ile kasoro inayala mazuri yote mbele ya macho yake. Kasoro ya huyu ni tamaa."

"Kasoro?" Fundi Bomba akadakia. "Mwalimu, mimi najua kasoro. Kasoro ni koki inayovuja. Kuua watu watatu sio kuvuja. Hilo bomba limepasuka, nyumba imefurika, majirani wameamka."

Taratibu alicheka lakini mkono wake haukucheka. Aliendelea kuzungusha brashi kwenye kikombe.

"Ngoja niseme kwa lugha yangu," Mzee Reli akasema, akijivuta mbele. "Breki zikikatika, treni ikaanguka, dereva analiliwa. Lakini dereva akizifungua breki kwa mkono wake ili awahi kufika, huyo haliliwi. Huyo anashtakiwa."

Mwalimu akaliondoa taulo usoni. "Na kama wakati anazifungua, mkono unamtetemeka? Kama anawajua abiria wote kwa majina, na watoto wao anawajua, na bado anafungua?"

Mzee Reli akafikiri. "Basi huyo ni mbaya zaidi."

"Labda. Lakini utamwota usiku."

Taratibu akamshika Mwalimu kidevu, akauliza swali lake. Mwalimu ndiye aliyekuwa ameandika mauaji yote yale. Alikuwa hana pa kukimbilia.

"Shuka," akasema, na akafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayedungwa sindano.

Onyesho la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Panga lilivunjika kwenye kifua cha Fundi Bomba, kipande kikaruka mpaka mstari wa mbele, na mtu akakirudisha kwa heshima: "Bwana, umeangusha." Mwisho, watu walipomburuta Taratibu, kiti cha mbao kilivunjika mguu, wakaanguka wote. Watazamaji walilia, ndiyo, lakini kwa kucheka.

Baada ya pazia Mwalimu alimwita pembeni. Hakuwa na hasira. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Limebaki onyesho moja," akasema. "Nimewaza. Watu wameshaamua wenyewe kwamba huu ni mchezo wa kuchekesha. Tusishindane nao. Mwisho nitaubadilisha. Hufi tena."

"Sifi?"

"Wanakutia kwenye toroli, wanakuzungusha jukwaani, pazia linashuka. Hotuba tunaitoa."

"Mwalimu. Mimi nimeshika mkuki miaka yote ile. Leo nimepata kufa, unanipa toroli?"

"Hawakulilii, Taratibu. Nifanyeje?"

"Niache nife mara moja tu. Jumamosi. Asipolia mtu, nitalipanda hilo toroli mwenyewe, nitalisukuma mwenyewe ukitaka."

Mwalimu akakuna shingo yake, ambayo peke yake mtaani ilikuwa laini. "Haya. Toroli likae tayari nyuma ya pazia. Wakianza kucheka unapopiga magoti, naliingiza. Wakinyamaza, unakufa."

Nyumbani mkewe alikuwa anapanga vyombo. Mkewe hufanya kazi kwenye dirisha la zahanati, anaandikisha wagonjwa. Mtu akifika pale hata kabla hajasema anaumwa nini, yeye ameshajua kama anadanganya.

"Na wewe," Taratibu akamwuliza, "ulipoona nakufa, hukusikia hata kitu?"

"Nilisikia njaa. Mlichelewa sana."

"Niambie ukweli, mama watoto."

Akaweka sahani chini. "Ukweli? Unaingia umeshanuna. Hujaua mtu, hujafanya lolote, uso umeukunja kama umekunywa siki. Samaki aliyeoza tangu asubuhi, jioni nitamshangaa nini? Mimi huyo Mlinzi wako sikumwona akiwa mzima hata dakika moja. Sijui kilichoharibika."

"Kwa hiyo nitabasamu?"

"Mimi mtu wa dirishani, sio wa jukwaani. Kula, chakula kinapoa."

Alikula. Hakumwelewa vizuri, na alilala amemgeuzia mgongo, si kwa ugomvi, ila kwa sababu ukweli wa mke huwa na makali kwenye ubavu.

Jumamosi ikafika na matatizo yake. Seremala alikuwa hajamaliza mguu wa kiti. Mchezo unaitwa *Mlinzi wa Kiti* na kiti hakipo.

"Si unacho kile cha dukani?" Fundi Bomba akasema. "Tukifunike kitambaa chekundu. Nani atajua?"

Kila mtu angejua, maana kila mtu alikikalia. Lakini saa zilikuwa zinakwenda. Wakakibeba wanaume wanne kupitia sokoni, kile chuma kizito, Fundi Bomba akikitukana njia nzima, akinamama wa mboga wakiuliza kama kinyozi anahama. Panga nalo lilikuwa limekufa, basi seremala akachonga kisu kifupi cha mbao, chembamba, cha kukaa kwenye kiganja. Nafasi ya kufanya mazoezi na vitu hivyo vipya haikupatikana. Watazamaji walikuwa wameshaanza kuingia.

Pazia likafunguka. Jua la alasiri lilikuwa linapita kwenye madirisha marefu na kulala jukwaani. Mtawala akaja, akahutubia, akasema amechoka, atajipumzisha. Na kweli Fundi Bomba alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alikuwa chini ya sinki la hoteli. Akakaa. Kwa mazoea mkono wake ukavuta ule mkono wa ubavuni, mgongo wa kiti ukalala, kichwa chake kikapata mahali kilipozoea kukaa kila Jumamosi nyingine. Akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu ambayo haikuwa kwenye mchezo.

Taratibu alitokea kwa nyuma. Uso ameukunja. Ngurumo iko kooni, tayari. Alipofika nyuma ya kiti, akasimama pale aliposimama maisha yake yote. Na mikono, hebu fikiria, mikono haijui habari za maigizo. Mkono mmoja ukamshika Mtawala kidevu, kwa vidole viwili. Ukakiinua kidogo. Ukachomeka kitambaa chekundu vizuri shingoni. Ule mwingine ukakisimamisha kisu hewani.

"Nishuke?" akauliza.

"Shuka," akajibu Mtawala, macho bado yamefumbwa.

Paa lilitaka kuondoka. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Nyuma ya pazia Mwalimu alijifunika uso kwa karatasi za mchezo, na mtu wa toroli akalishika mikono, tayari kwa kazi.

Taratibu alijua amekosea. Tulimwona alivyojua. Ule mnuno aliojifunza kwa miezi ukamdondoka usoni, na chini yake kulikuwa na uso wake wa siku zote, uso unaouona kwenye kioo chenye ufa, juu ya kichwa chako, ukiwa umekaa unangoja. Akautazama wembe, yaani kisu. Akalitazama lile koo. Ameliomba. Amepewa. Tangu alipofundishwa na mjomba wake, baada ya neno lile alikuwa na jambo moja tu la kufanya, na hilo hakuruhusiwa kulifanya leo.

Kicheko kikaanza kufa kutoka mstari wa mbele, kikaenda kinazimika nyuma kama taa za barabarani kunapokucha. Mwanamume mmoja akajishika shingo. Mwingine naye. Fundi Bomba alikuwa amelala vilevile, mdomo wazi kidogo.

"Usifanye, bwana," sauti ikasema, polepole. Ilikuwa ya Mzee Reli.

Taratibu akafanya. Hakunguruma. Alikipitisha kisu cha mbao taratibu, kwa uangalifu uleule anaotunyolea. Fundi Bomba alipaswa kupiga yowe lake la kusifika. Akasahau. Mkono wake ulianguka tu pembeni mwa kiti, na kwenye ukumbi ule uliotikisika kwa kicheko muda mfupi uliopita tukasikia pete yake ikigonga chuma.

Kisha Mlinzi alitakiwa aketi. Walimwondoa Mtawala, kiti kikabaki kitupu, na jua juu yake. Taratibu alikizunguka. Aliweka mkono juu yake, akautoa. Alipokaa, alikaa kwenye ukingo, magoti yamebanana, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na wenyewe wako njiani wanarudi. Hakuwahi kukikalia. Sisi tuliomjua tulijua. Mkewe, aliyekuwa katikati ya ukumbi, aliweka kiganja mdomoni.

Mauaji mawili yaliyofuata hakuna aliyeyacheka. Wala hakuna aliyeyaunga mkono, tusidanganyane, mama wa "mpigeni tena" alisema kwa sauti kabisa, "Ee, mtu huyu, hivi hashibi?" Lakini alisema kama anayemsema kaka yake. Na kila alipomaliza kuua, Mlinzi alirudi kwenye ukingo wa kile kiti, na kila mara alikaa vibaya zaidi.

Walipokuja kumburuta hakushikilia. Akapiga magoti. Nyuma ya pazia toroli lilisogea kidogo. Mwalimu akaliwekea mguu.

"Nilikipangusa kiti hiki kila asubuhi," Taratibu akasema, na hotuba yote iliyobaki ikampotea. Ilikuwa ndefu, yenye vina, Mwalimu alikuwa ameifanyia kazi miezi. Taratibu aliitafuta hewani, hakuiona. Akapangusa kiti kwa kiganja, mara moja, kama asubuhi. Akajilaza chini pembeni yake, akafa.

Kimya.

Halafu, kutoka mstari wa mbele, sauti kama ya filimbi ya stesheni. Mzee Reli alikuwa anapenga kamasi.

Nje, watu wakitawanyika, Mwalimu alimshika mzee mkono kama polisi aliyepata ushahidi. "Umelia!"

"Mafua."

"Mzee wangu, umelia, nimekuona. Umemlilia muuaji."

"Sikumlilia muuaji," Mzee Reli akasema kwa hasira. "Muuaji na alale hukohuko. Nimemlilia kinyozi. Mtu kama yule, mkono kama ule, anakwenda kuufanyia kitu kama kile!"

"Ndiyo hiyo tanzia ninayoisema!"

"Basi si mngesema mapema. Mmetuchosha maonyesho mawili." Akakunja leso yake. "Na lile neno silifuti. Msiba wa kujitakia hauna kilio."

"Na wewe je?"

"Nimeshakwambia mafua."

Taratibu alitoka wa mwisho, amebeba mto wa kichwa wa kile kiti. Mkewe alimpokea mto. Hakumsifu. Alimfuta tu poda ya jukwaani shavuni kwa ncha ya khanga yake, akamwambia, "Leo sikusikia njaa."

Sasa ungetarajia mtu huyo alale usingizi mzuri. Hakulala. Amepata alichotaka, tena zaidi ya mmoja, maana hata mtu wa toroli alikuwa amefikicha macho. Lakini kwa kukipata, aliwaonyesha watu wote wa mtaa jambo ambalo mjomba alimkataza hata kuliwaza: koo limeombwa, limetolewa, na limekatwa. Siku za panga la fedha waliogopa kwa utani. Sasa je?

Jumatatu kiti kilikuwa kimerudi mahali pake. Alikipangusa, akakitia mafuta. Benchi lilijaa mapema, watu wa shingo za mbuzi, lakini hakuna aliyeinuka kwenda kukaa. Walikuwa wanasomeana gazeti. Mzee Reli akafika, akawatazama, akaguna, akapita moja kwa moja mpaka kitini.

Taulo. Povu. Mashavu. Kwenye benchi gazeti likashuka.

Vidole viwili chini ya kidevu. Kitambaa. Wembe hewani. Taratibu akakohoa.

"Nishuke?"

Mzee Reli hakufumbua jicho. "Swali hilo ulimwuliza na Mtawala."

"Nilimwuliza, mzee wangu."

"Akakuruhusu."

"Akaniruhusu."

"Halafu?"

Taratibu alisimama na wembe wake. "Halafu mpaka leo mkono huu naulaza mbali na mimi," akasema. "Nikiombwa tena kufanya vile, sijui kama nitaweza. Mwalimu anataka turudie mwezi ujao. Sijamjibu."

Koo la mzee, jeupe kwa povu, likapanda na kushuka.

"Mjibu," akasema. "Nitakuja. Nitakaa mbele."

Kisha akakilaza kichwa nyuma zaidi, mpaka kikapata mahali pake kwenye mto.

"Shuka," akasema.